Pontiac GTO: Gari Lililozaliwa Kwenye Fomu ya Oda

Modeli za 1964 zilipoingia sokoni, mteja aliyekwenda kwa wakala wa Pontiac nchini Marekani kutaka Tempest LeMans aliwekewa mezani fomu ya oda. Gari lenyewe lilikuwa la saizi ya kati, la heshima, la kupelekea watoto shule na kurudia sokoni. Mambo yalikuwa kwenye fomu. Humo mliorodheshwa nyongeza za kila aina: redio, pawa stering, gia za otomatiki. Miongoni mwake palikuwa na kifurushi kimoja cha bei isiyofika dola 300, kilichopewa herufi tatu tu: GTO. Mteja akikitia tiki, kiwanda kilimfungia injini ya magari makubwa ya Pontiac, ekzosi mbili, springi ngumu na matairi yenye mstari mwekundu. Lililotoka kiwandani lilikuwa gari jingine kabisa.

Mkuu wa mauzo wa Pontiac, Frank Bridge, hakuamini kwamba kuna watu wengi wa kuitaka nyongeza hiyo. Alikubali kuuza magari 5,000, basi. Mwaka wa modeli ulipofungwa yalikuwa yameuzwa 32,450. Mwaka wa pili yakawa 75,352, na wa tatu 96,946. Kuanzia hapo kila kampuni kubwa ya magari ya Marekani ikawa inatafuta la kwake la kushindana nalo, na aina nzima ya magari ikazaliwa: yale ambayo leo tunayaita magari ya misuli, yaani bodi ya kawaida ya saizi ya kati, injini kubwa ya silinda nane, na bei ambayo kijana mwenye kazi anaweza kuimudu.

Wengi husimulia habari hii kama habari ya injini. Injini ilikuwa kubwa, hilo halina ubishi. Lakini ilikuwapo tangu 1959, ikisukuma magari mazito ya Pontiac. Wazo la kutia injini kubwa kwenye bodi nyepesi nalo halikuwa geni. Oldsmobile walilifanya mwaka 1949 kwa gari lao la Rocket 88, na mwaka 1957 kampuni ndogo ya American Motors ilifanya vivyo hivyo kwa gari lililoitwa Rambler Rebel. Kwa hiyo tukisema GTO ilifaulu kwa sababu ya nguvu, bado hatujajibu kwa nini ni GTO na si hayo yaliyotangulia. Jibu ninaloliamini mimi limo kwenye ile fomu ya oda, na ili tulione inabidi turudi nyuma miaka michache, kwenye ofisi za kampuni iliyokuwa imeshinda mpaka ikaanza kuuogopa ushindi wake.

Amri ya Januari

Pontiac lilikuwa tawi la General Motors, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 General Motors ilikuwa inauza zaidi ya nusu ya magari mapya yote nchini Marekani. Ukubwa huo ulikuwa na hatari yake. Sheria za Marekani za kuzuia ukiritimba zingeweza kuivunja vipande vipande, na wakubwa wa kampuni walilala na hofu hiyo na kuamka nayo. Waliona ni bora kuonekana wapole.

Tatizo ni kwamba Pontiac haikuwa pole hata kidogo. Miaka ya 1950 lilikuwa tawi la magari ya wazee. Mwaka 1956 likakabidhiwa kwa Semon Knudsen, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bunkie, naye akaanza kwa kung'oa mistari ya kromu iliyokuwa imepamba boneti za Pontiac kwa miaka mingi. Akamleta Pete Estes kutoka Oldsmobile kuwa mhandisi mkuu, na kutoka kampuni ya magari ya Packard akamchukua mhandisi kijana aliyeitwa John DeLorean. Kisha akaingiza Pontiac kwenye mashindano. Marvin Panch alishinda mbio za Daytona 500 mwaka 1961 akiendesha Pontiac. Mwaka uliofuata Fireball Roberts akashinda mbio hizohizo, kwa Pontiac vilevile, na Joe Weatherly akatwaa ubingwa wa NASCAR, mashindano makubwa ya magari nchini Marekani. Mauzo yakapanda pamoja na vikombe, hadi Pontiac ikawa ya tatu nchini, nyuma ya Chevrolet na Ford tu.

Mwezi Januari 1963 ikashuka amri kutoka juu, kwa mwenyekiti Frederic Donner na rais wa kampuni John Gordon: matawi yote ya General Motors yaache kushiriki na kusaidia mashindano ya magari. Si kupunguza, ni kuacha. Kwa Chevrolet lilikuwa pigo, lakini Chevrolet ilikuwa na Corvette, gari lake la michezo, na ilikuwa na kila kitu. Kwa Pontiac ilikuwa kama kunyang'anywa jina. Sifa yake yote kwa vijana ilikuwa imejengwa kwenye viwanja vya mbio, na sasa milango ya viwanja hivyo imefungwa.

Ford, wakati huohuo, ilikuwa imekata shauri kwenda kinyume kabisa na kuingia kila mashindano yaliyokuwapo duniani. Sisi wa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu wa jambo hilo. Pasaka ya 1964, kwenye mbio za East African Safari zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika, Ford Cortina GT ya Peter Hughes na Billy Young ndiyo iliyotwaa ushindi. Kampuni hiyo ilileta pia kikosi cha magari makubwa ya Marekani, Mercury Comet, na mengi yao hayakumaliza barabara zetu. Wakati Ford inamwaga fedha na jasho kiasi hicho kutafuta jina, Pontiac ilikuwa imefungwa mikono. Ikabidi itafute mahali pengine pa kuonyesha kasi, na mahali palipobaki ni barabara ya kawaida.

Injini inayoingia bila kulazimishwa

Sasa tufike kwenye mitambo. Mwaka 1964 General Motors ilikuwa inaleta bodi mpya ya saizi ya kati, ambayo Pontiac, Chevrolet, Oldsmobile na Buick wangeigawana. Bodi hiyo ilikaa juu ya fremu nzima, tofauti na Tempest iliyotangulia, ambayo gia zake zilikuwa nyuma na ilikuwa na mambo mengi ya kigeni yasiyopenda nguvu nyingi. Bodi mpya ilikuwa rahisi na imara.

Injini kubwa kuliko zote iliyopangiwa Tempest hiyo ilikuwa ya inchi za ujazo 326, yaani karibu cc 5,300. Kwetu ukitaja V8 mtu anafikiria Land Cruiser ya mkubwa wa serikali. Huko, wakati huo, V8 ya ukubwa huu ilikuwa injini ya baba wa familia. Na hapa pana jambo la kiufundi ambalo bila hilo pasingekuwa na GTO. Injini za Pontiac za inchi 326 na za inchi 389 zilikuwa na umbo moja kwa nje. Tofauti ilikuwa ndani, kwenye upana wa silinda. Mikono ya kuishikilia injini kwenye fremu ilikuwa ileile, na gia zilifunga palepale.

Mhandisi Bill Collins ndiye anayekumbukwa kuliona hilo kwa sauti. Wahandisi wa Pontiac walikuwa na desturi ya kukutana Jumamosi kwenye uwanja wa majaribio wa General Motors pale Milford, Michigan, kuchungulia magari yanayotengenezwa. Siku moja mapema mwaka 1963, gari la majaribio likiwa limenyanyuliwa juu, Collins akasema kwamba injini ya 389 ingeingia mle ndani kwa muda wa dakika 20 hivi, maana sehemu za kuifungia ni zilezile. DeLorean, aliyekuwa sasa mhandisi mkuu, akasikia. Russ Gee, mtaalamu wa injini, alikuwapo pia. Haikupita muda gari likawa limefungwa injini hiyo na watu wanalikimbiza.

Ninapenda kuwataja Collins na Gee kwa sababu historia imempa DeLorean karibu kila kitu. DeLorean alikuwa na jicho la kuona biashara na ujasiri wa kuisimamia, na hayo si madogo. Lakini wazo lilitoka kwa watu waliokuwa wamesimama chini ya gari wakiangalia boliti.

Tundu kwenye kanuni

Kikwazo kilikuwa kanuni nyingine ya General Motors, yenye roho ileile ya kutaka upole: gari la saizi ya kati lisizidi injini ya inchi za ujazo 330, kama cc 5,400. Injini ya 389 ni karibu cc 6,400. Ilikuwa imevuka mpaka kwa mbali.

Hapa ndipo fomu ya oda inapoingia. Modeli yoyote mpya ilipaswa kupelekwa kwenye kamati ya makao makuu, ipimwe, ikubaliwe. Kamati ilitazama modeli, na ilitazama injini ya kawaida ya kila modeli. Nyongeza zilikuwa shauri la tawi lenyewe. Hakuna mkubwa wa makao makuu aliyekuwa na wakati wa kupitisha redio na vifuniko vya rimu. Kwa hiyo Pontiac haikupeleka gari jipya lenye injini ya 389. Iliendelea kuuza LeMans yenye injini iliyokubaliwa, na kwenye orodha ya nyongeza za LeMans ikaongeza mstari mmoja.

Ulikuwa ujanja, lakini ujanja wenye kuhatarisha kazi ya mtu. Pete Estes, ambaye tangu mwishoni mwa 1961 alikuwa ndiye mkuu wa Pontiac baada ya Knudsen kuhamishiwa Chevrolet, ndiye aliyebeba mzigo huo. Bridge wa mauzo alikubali yale 5,000 akapitisha habari kwa mawakala, na mawakala wakaweka oda. Makao makuu yalipokuja kutanabahi, oda zilikuwa zimeshaingia na wateja wanasubiri magari. Kuzifuta kungekuwa kutupa fedha zilizokwisha kuahidiwa, na hakuna kampuni inayopenda kufanya hivyo. Hasira zilikuwapo. Gari likabaki.

Angalia jinsi njia hii ilivyoumba gari lenyewe, maana ndiyo sehemu ninayoiona nzuri kuliko zote. Kama Pontiac ingetengeneza modeli mpya kwa njia ya halali, ingehitaji bodi yake, vyombo vyake, matangazo yake, na bei ingepanda kufidia gharama hizo. Kwa kuwa ilibidi kijifiche kama nyongeza, kifurushi kilitumia vitu vilivyokuwa kwenye rafu za Pontiac tayari. Injini ya gari kubwa. Vichwa vya silinda kutoka injini ya inchi 421. Springi ngumu zaidi na matairi mapana kidogo. Nembo tatu nne, na matundu mawili ya hewa juu ya boneti ambayo yalikuwa yamezibwa, ya urembo tu. Unafuu wa bei ulitokana na kujificha huko. Gari la milango miwili lenye GTO lilitoka kwa dola 2,850 hivi.

Ulichopata kwa fedha hizo

Injini ya kawaida ya GTO ya 1964, yenye kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) moja ya midomo minne, ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 325. Ukiongeza fedha kidogo ulipata ile waliyoiita Tri-Power, ya farasi 348. Inafaa kufungua boneti tuitazame, kwa sababu ndiyo iliyowapa watu wazimu.

Juu ya injini, katikati ya safu mbili za silinda zinazounda V, zimepangwa kabureta tatu kwa mstari, kila moja na midomo miwili, na juu ya kila moja kichujio kidogo cha hewa cha duara. Ukiendesha taratibu mjini, kabureta ya katikati peke yake ndiyo inayofanya kazi. Gari linakunywa petroli kwa adabu, na ukiwa umempakia bibi yako hatajua una nini chini ya boneti. Mguu ukishuka zaidi kwenye mafuta, zile mbili za pembeni zinafunguka. Injini ambayo ilikuwa inavuta kwa midomo miwili sasa inavuta kwa sita, mlio unabadilika, na gari la karibu tani moja na nusu linaruka. Yaani dereva alikuwa na magari mawili, na aliyachagua kwa kisigino. Kwa mtu aliyelitumia gari hilohilo kwenda kazini, hilo halikuwa jambo dogo.

Gia tatu za mkono, zenye fimbo ya kampuni ya Hurst sakafuni badala ya kwenye mti wa usukani, zilikuwa za kawaida, na nne zilipatikana kwa kuongeza fedha.

Tahadhari moja kuhusu hizo farasi. Wamarekani wa wakati huo walipima nguvu ya injini ikiwa peke yake kwenye benchi, bila ekzosi kamili ya gari na bila vifaa vyote vinavyoila nguvu. Kuanzia 1972 walibadili, wakaanza kupima injini ikiwa na mizigo yake. Kwa hiyo farasi 348 za 1964 si sawa na farasi 348 za gari la leo. Ni pungufu kwa kiasi kikubwa. Anayelinganisha tarakimu hizo moja kwa moja anajidanganya, na mitandaoni wanaofanya hivyo ni wengi.

Na lipo jambo ambalo wapenzi wa magari haya hawapendi kulisikia. Breki za GTO zilikuwa za dramu, magurudumu yote manne, za ukubwa uleule uliofaa gari la familia. Usukani wa kawaida ulikuwa mzito kugeuka na wa mizunguko mingi. Pontiac iliongeza nguvu ya kwenda bila kuongeza kwa kiasi kilekile nguvu ya kusimama. Vijana walifia barabarani Marekani katika miaka hiyo, wengi, katika magari ya kila namna, na ndiyo iliyokuwa moja ya sababu za sheria ya usalama wa magari iliyopitishwa mwaka 1966. Ninaipenda GTO, lakini siwezi kulisifia gari hili nikanyamazia breki zake. Bei nafuu ilipatikana kwa kuacha baadhi ya vitu, na breki ni mojawapo ya vitu vilivyoachwa.

Waliokuwa wanalisubiri

Watoto waliozaliwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kuanzia 1946, walianza kutimiza miaka 18 mwaka huohuo wa 1964. Uchumi ulikuwa unapaa, kazi zilikuwapo, mkopo wa gari ulikuwa rahisi, na petroli iliuzwa kama senti 30 kwa galoni. Vijana hao hawakutaka gari la baba. Tatizo lao lilikuwa kwamba magari ya kasi yaliyokuwapo yalikuwa ya watu wengine. Corvette ilizidi dola 4,000 na ilikuwa na viti viwili tu. Magari makubwa yenye injini kubwa yalikuwa mazito na ghali. Kilichobaki ni kununua gari kuukuu na kulifungia injini nyumbani, kwa mwenye ujuzi, vifaa na gereji. Wengi walifanya hivyo, lakini wengi zaidi walitamani tu.

GTO iliwapa kitu hicho kikiwa kimefungwa tayari, chenye waranti, cha kulipia kwa mwezi, chenye kiti cha nyuma. Rocket 88 ya 1949 ilikuwa na kasi lakini haikuuzwa kwa kijana. Rambler Rebel ya 1957 ilikuwa na kasi pia, lakini ilitengenezwa na kampuni iliyojulikana kwa magari ya kubana matumizi, kwa idadi ndogo, na hakuna aliyelijua soko lake ni nani. Pontiac ilijua.

Aliyejua kuliko wote alikuwa Jim Wangers. Huyu alifanya kazi kwenye kampuni ya matangazo ya Pontiac, MacManus, John & Adams, lakini hakuwa mtu wa kukaa mezani. Mwaka 1960 alishinda mashindano ya taifa ya mbio fupi za mstari mnyoofu, akiendesha mwenyewe Pontiac Catalina. Alikuwa na uhusiano wa karibu na wakala mmoja wa Pontiac mjini Royal Oak, Royal Pontiac ya Ace Wilson, ambaye mafundi wake walijulikana kwa kuyatengeneza magari yatoe nguvu zaidi. Na jirani na hapo ilipita Woodward Avenue, barabara pana itokayo Detroit hadi mji wenyewe wa Pontiac, ambako usiku vijana walizunguka na magari yao, wakasimama kwenye taa nyekundu, wakatazamana, na taa ikiwa ya kijani wakakanyaga mafuta. Huko ndiko GTO ilikojitangaza. General Motors ilikuwa imepiga marufuku viwanja vya mbio, lakini haikuweza kupiga marufuku taa za barabarani.

Wangers alifanya na jingine kubwa zaidi. Toleo la Machi 1964 la jarida la Car and Driver liliweka kwenye jalada Pontiac GTO pamoja na Ferrari 250 GTO, gari la mbio la Kiitaliano ambalo Pontiac ilikuwa imechukua herufi zake. Ferrari yenyewe zilitengenezwa 36 tu, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Jarida halikufanikiwa kuyakutanisha magari hayo mawili uwanjani, na picha ya jalada ilikuwa ya kuchorwa. Lakini liliijaribu Pontiac, likaandika kwamba imefika maili 60 kwa saa kutoka kusimama kwa sekunde 4.6. Mashabiki wa Ferrari waliwaka kwa hasira. Wasomaji wa kawaida wakaenda kwa wakala.

Sekunde zile hazikuwa za kweli kwa mnunuzi. Miaka mingi baadaye Wangers alieleza mwenyewe kwamba gari walilopewa waandishi lilikuwa limefungwa injini ya inchi 421, si 389. Majarida mengine yaliyojaribu GTO za kawaida yalipata sekunde kati ya sita na nane hivi, ambazo kwa mwaka 1964 na kwa bei ile zilikuwa bado za kustaajabisha. Jambo linaloniudhi kuhusu udanganyifu huu ni kwamba haukuhitajika. Gari la kweli lilitosha.

Mwaka huohuo bendi ya vijana ya Ronny & the Daytonas ilitoa wimbo kuhusu gari hili, ukitaja kabureta zake tatu na gia zake nne, ukapanda hadi nafasi ya nne kwenye chati za Marekani. Kijana ambaye hajawahi kuona injini alikuwa anaimba orodha ya vipuri. Hakuna bajeti ya matangazo inayoweza kununua hilo.

Na Mustang je?

Msomaji anayefuatilia magari atauliza: mbona hatujaitaja Ford Mustang? Ilizinduliwa Aprili 17, 1964, kwa bei ya kuanzia dola 2,368, na ndani ya miezi 12 ya kwanza ziliuzwa zaidi ya 400,000. Kufikia Machi 1966 zilitimia milioni moja. Ukijumlisha GTO zote za 1964, 1965 na 1966 unapata 204,748. Kwa tarakimu, Mustang iliiacha GTO mbali sana.

Lakini yalikuwa mauzo ya vitu viwili tofauti. Mustang ya bei ile ilikuja na injini ya silinda sita ya farasi 101. Ford iliuza umbo la gari la michezo kwa kila mtu: katibu muhtasi, mwalimu, mama wa nyumbani, mwanafunzi. Nguvu ulinunua ukitaka. GTO ilifanya kinyume. Umbo lilikuwa la gari la kawaida, karibu halina tofauti na la jirani, na nguvu ilikuwa ya lazima, kwa kuwa haikuwezekana kupata GTO yenye injini ndogo. Ndiyo maana hata wanaopenda Mustang kwa dhati hukubali kwamba mstari wa magari ya misuli unaanzia kwa Pontiac. Mimi naongeza kwamba kuuza magari 32,450 ya aina ambayo kampuni yako mwenyewe imeikataza ni mafanikio ya namna yake, yasiyopimika kwa idadi peke yake.

Kanuni inapofuata gari

Ushahidi wa mafanikio hayo ni kilichotokea makao makuu. Kwa modeli za 1965 General Motors ilipandisha kikomo cha injini kwa magari ya saizi ya kati kutoka inchi 330 hadi 400. Kanuni ilisogea kulifuata gari. Oldsmobile walikuwa wameshatoa gari lao lililoitwa 4-4-2 katikati ya 1964, Buick wakaja na Gran Sport, Chevrolet na Chevelle SS 396. Injini ya Buick, kwa bahati mbaya, ilikuwa ya inchi 401. Ilizidi kwa moja. Wakaiandika kwenye karatasi kuwa ni 400, mambo yakaenda. Pontiac walikuwa wameshawafundisha kwamba la muhimu ni karatasi inasemaje.

Mwaka 1965 GTO ilipata sura mpya, taa zikapangwa moja juu ya nyingine, na Tri-Power ikafika farasi 360. Mwaka 1966 ikaacha kuwa nyongeza. Ikawa modeli kamili yenye jina lake, na mwaka huo ndio ilivunja rekodi yake ya magari 96,946, ambayo haikuwahi kuifikia tena.

Kuanzia modeli za 1967 makao makuu yalipiga marufuku kabureta zaidi ya moja kwa kila gari isipokuwa Corvette, na Tri-Power ikafa. Injini ikakuzwa hadi inchi 400 kufidia, na mauzo ya mwaka huo yakawa 81,722. Gari lilikuwa bado zuri, kwa maoni ya wengi zuri kuliko la 1964. Breki za diski za mbele zilianza kupatikana mwaka huo, angalau kwa aliyezilipia.

Ila bei ilikuwa inapanda. Kila mwaka kiliongezwa kitu: urembo, starehe, bampa la kisasa. Mwaka 1968 Plymouth, tawi la kampuni pinzani ya Chrysler, walitazama jinsi GTO ilivyoanza, wakafanya vilevile. Walichukua bodi ya kawaida ya saizi ya kati, wakaitia injini ya inchi 383, wakaondoa mazulia na mapambo, wakaiita Road Runner na kuiuza kwa dola 2,900 hivi, karibu na bei ya GTO ya miaka minne nyuma. Ziliuzwa zaidi ya 44,000 mwaka huo wa kwanza.

Pontiac ilitaka kujibu kwa GTO ya bei nafuu iliyovuliwa mapambo. Mradi ulipita mikononi mwa wengi, ukaongezwa injini yenye nguvu zaidi, rangi ya chungwa, mistari ya pembeni na bawa la nyuma. Ulipotoka, kwa modeli ya 1969, uliitwa The Judge, na ulikuwa ni nyongeza tena kwenye fomu ya oda, safari hii ya zaidi ya dola 300 juu ya bei ya GTO yenyewe. Ziliuzwa 6,833.